Uzi: Ubingwa wa tiba ya wazee. Tunafundishwa nini wodini, na kwa nini madaktari vijana mnaupita?

Wakuu, habari za muda huu.

Kila kundi la intani (madaktari wapya walio kwenye mafunzo kazini) likikaribia kumaliza, PM yangu inajaa swali lile lile: "Nikasomee ubingwa gani?" Wanataja moyo, figo, upasuaji, uzazi, watoto. Wazee hawatajwi kabisa. Lakini ingia asubuhi wodi ya magonjwa ya ndani ya hospitali yoyote ya mkoa uangalie nani wamelala kwenye vile vitanda. Mimi ni daktari Mtanzania, nimesoma nyumbani, sasa niko kwenye mafunzo ya ubingwa katika idara ya tiba ya wazee, hospitali moja kaskazini mwa Uingereza. Nimeanzisha uzi huu kueleza mafunzo yenyewe yakoje kwa ndani, kwa sababu naamini kabisa huu ndio ubingwa ambao Tanzania inaweza kuuanza kwa gharama ndogo kuliko mwingine wowote. Hautegemei mashine. Unataka maswali mazuri, mikono inayopima, na timu inayosikilizana.

Nianze na kwa nini ni ubingwa unaojitegemea, maana wengi wanadhani ni magonjwa ya ndani tu kwa watu wenye mvi.

Kijana akipata nimonia anakuja na homa, kikohozi na kifua kinachouma. Mzee wa miaka 84 mwenye nimonia ile ile anaweza kuja bila homa wala kikohozi. Analetwa kwa sababu kaanguka chooni, au tangu juzi hainuki kitandani, au usiku kaanza kuongea na watu waliokwisha kufariki, au kajikojolea na hajawahi. Bernard Isaacs, daktari aliyefanya kazi Glasgow na baadaye Birmingham, aliyaita hayo majitu ya tiba ya wazee: kushindwa kutembea, kuyumba na kuanguka, kushindwa kuzuia haja, na akili kuvurugika. Hilo ndilo somo la kwanza. Ukimpokea mzee kwa moja ya hayo, bado hujapata ugonjwa; umepata mlango tu, kazi ya kutafuta inaanza.

Nitoe mfano mmoja wa raundi, nikibadilisha mambo madogo ili mgonjwa asitambulike. Bibi wa miaka themanini na kitu kaletwa na ambulensi. Faili linasema: hatembei, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), anaishi peke yake. Mapokezi wamemwanzishia antibayotiki kwa sababu kile kipimo cha mkojo cha kuchovya kijiti kilibadilika rangi. Bingwa wetu hakuanza na faili. Alivuta kiti akakaa usawa wa macho ya bibi, akahakikisha kifaa cha kusikia kimewashwa, akamuuliza anapenda aitweje. Kisha akatugeukia: "Wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya nini?" Faili zima halikuwa na jibu la swali hilo. Ikabidi nimpigie simu binti yake. Akasema mama yake alikuwa anapika mwenyewe, anakwenda dukani na mkongojo wake, na kila Alhamisi yuko kwenye karata na wenzake.

Jibu hilo liligeuza kila kitu. Mtu aliyekuwa anacheza karata Alhamisi na leo hajui yuko wapi hajazeeka ghafla kati ya Alhamisi na Jumatatu. Kuna kitu kimetokea, na kinatafutwa.

Tukampima presha akiwa amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikashuka zaidi ya 20. Tumboni kibofu kilikuwa kimejaa hadi kinashikika kwa mkono. Tukapima kwa kidole njia ya haja kubwa: choo kigumu kimeziba. Mfamasia akafungua orodha ya dawa, akakuta siku chache kabla alikuwa ameongezewa amitriptilini ili apate usingizi, na tayari alikuwa kwenye dawa ya kutuliza kibofu. Zote mbili hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia kibofu kusinyaa na huvuruga akili ya mzee. Dawa zikasimamishwa, choo kikatolewa, antibayotiki ikakatishwa. (Miongozo ya hapa inashauri kile kijiti kisitumike kabisa kutafuta UTI kwa mtu aliyevuka miaka 65, maana wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo bila kuumwa nao.) Baada ya siku chache alikuwa anatembea koridoni na mtaalamu wa fiziotherapia, anauliza nani ameshinda karata.

Hakuna picha ya CT iliyotoa jibu pale. Kuna kiti, simu, mashine ya presha na glovu.

Utaratibu huo una jina rasmi, tathmini kamili ya mzee, na ndio uti wa mgongo wa mafunzo yote. Unaangalia magonjwa na dawa, akili na hisia, uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, nyumba anayoishi, watu anaoishi nao, na yeye mwenyewe anataka nini. Kila asubuhi tunasimama mbele ya ubao: daktari, nesi, fiziotherapia, tiba kazi (wanaomsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku), mfamasia, ustawi wa jamii. Kila mmoja anasema alichokiona. Rejista, yaani daktari anayesomea ubingwa, anafundishwa kuongoza kikao hicho, na hapo ndipo wengi wanapata shida kuliko kusoma kipimo cha moyo cha ECG, kwa sababu unatakiwa unyamaze nesi anapokwambia mgonjwa wako alishindwa kushika kijiko asubuhi, halafu ubadilishe mpango wako kutokana na alichosema.

Mpangilio wa miaka kwa hapa Uingereza: ukimaliza chuo unafanya miaka 2 ya msingi, kisha miaka 3 ya tiba ya ndani pamoja na mitihani ya MRCP (ya uanachama wa vyuo vya kifalme vya madaktari), kisha miaka 4 ya ubingwa wa wazee ukichanganya na tiba ya ndani ya jumla. Ndani ya hiyo minne kuna mtihani wa ubingwa, na kila mwaka jopo linakagua kumbukumbu za kazi zako. Unazungushwa: mapokezi ya dharura, wodi ya kiharusi, kliniki ya kuanguka, kliniki ya kumbukumbu, kliniki ya mkojo, tiba shufaa (kupunguza mateso ya ugonjwa usiopona), kutembelea wagonjwa majumbani, na wodi ya mifupa.

Hapo kwenye mifupa naomba nikae kidogo, maana pananiuma nikifikiria nyumbani. Mzee akivunjika nyonga hapa, lengo ni apasuliwe ndani ya saa 36, na daktari wa wazee amwone ndani ya saa 72. Hospitali inayotimiza vigezo hivyo inalipwa zaidi kwa mgonjwa huyo, na tangu 2007 kuna rejesta ya taifa inayofuatilia wagonjwa wa nyonga na kuonyesha kila hospitali imefanyaje. Kazi yetu pale ni kujua kwa nini alianguka, kumwandaa kwa usingizi wa upasuaji, kuzuia akili isivurugike baada ya upasuaji, kumsimamisha siku inayofuata, na kumpa dawa ya mifupa ili asivunjike upande wa pili. Nyumbani nimeona mama wa watu analazwa na mguu umevutwa kwa uzito wiki baada ya wiki, na hakuna aliyewahi kuuliza alianguka kwa nini. Kinachomuua baadaye ni kidonda cha mgongoni, kifua, au damu iliyoganda mguuni.

Na msidhani Waingereza walizaliwa wanajua haya. Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex nje kidogo ya London, alikabidhiwa wagonjwa wa iliyokuwa nyumba ya mafukara jirani na hospitali. Walikuwa 714, wengi wazee, wamelala tu, hawajapimwa ipasavyo, wameandikwa kuwa hawatibiki. Akawapima mmoja mmoja, akawapanga kwa hali zao, akaanza kuwaamsha kitandani. Wengi waliinuka, na baadhi wakarudi makwao. Miaka ya arobaini akaandika kwenye majarida ya kitabibu akidai mambo ambayo leo ni ya kawaida: wazee wawe na wodi zao ndani ya hospitali kuu, wawe na madaktari wao, na wanafunzi wa udaktari wafundishwe humo. Leo tiba ya wazee ni miongoni mwa fani kubwa kabisa za tiba ya ndani nchini humu kwa idadi ya mabingwa. Ilianzia kwa mtu mmoja aliyeamua kupima watu ambao wenzake walikuwa wanawapita.

Karibuni kwa maswali.

MD_Mtarajiwa:
Dokta asante kwa uzi. Ila bado sijaelewa. Physician mzuri, yaani bingwa wa magonjwa ya ndani mwenye shahada ya MMed, si anaweza kufanya hayo yote? Na pili, mtu aliyeko Bongo anafikaje huko?

Mwanzisha uzi:
Mdogo wangu, swali la kwanza limeshapimwa kwa utafiti. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 29 yenye wagonjwa 13,766. Wazee waliolazwa na kupata tathmini kamili walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa hai na kuishi kwenye nyumba zao miezi 3 hadi 12 baadaye, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Na hiyo huduma ya kawaida ilitolewa na physician wazuri tu. Tofauti ni mfumo na mafunzo ya timu nzima.

Swali la pili: njia ya kawaida kwetu ni kumaliza kwanza MMed ya magonjwa ya ndani, Muhimbili, KCMC, Bugando au Dodoma, halafu uje kwa mpango unaoitwa MTI. Mpango huo ni wa madaktari kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, unakaa mpaka miezi 24, unafanya kazi kwenye wodi kwa mshahara, kisha unarudi. Kwa kawaida hufanyi PLAB (mtihani wa madaktari waliosoma nje ya Uingereza), lakini mtihani wa Kiingereza uko pale pale. Jua mapema kwamba MTI haikupi cheti cha kukamilisha mafunzo ya ubingwa wa Uingereza. Inakupa ujuzi. Anayetaka cheti chenyewe anashindania nafasi za mafunzo kamili, na ushindani ni mkali. Ukiwa bado intani, anza kusoma MRCP sehemu ya kwanza. Hata usipokuja huku, haitapotea. Na ukiomba ule ufadhili wa serikali wa ubingwa na ubingwa bobezi wenye jina la Rais Samia, tafadhali iandike tiba ya wazee kwenye barua yako hata kama hujaiona kwenye orodha. Wizara haiwezi kujua kuna mahitaji kama hakuna anayeomba.

NesiZamuUsiku:
Mimi ni nesi wodi ya wanawake, hospitali ya wilaya. Nisemee upande wetu. Daktari anapita raundi dakika tatu, anaandika "aendelee na matibabu", anaondoka. Anayebaki na bibi wa watu anayepiga kelele usiku ni mimi peke yangu na wagonjwa arobaini. Mpira wa mkojo unawekwa siku ya kwanza kwa sababu hatuna wa kumpeleka chooni, na hautolewi mpaka anaruhusiwa. Kama huo ubingwa hautaligusa hilo, utabaki kuwa cheo cha madaktari.

Mwanzisha uzi:
Dada yangu, umegusa moyo wa jambo hili, na nakushukuru kwa kusema wazi.

Mpira wa mkojo ni swali la kwanza la raundi yetu kila siku: upo kwa nini, na unatoka lini? Mpira unaleta maambukizi, unamfunga mzee kitandani, na mzee aliyechanganyikiwa anauvuta mpaka anatoka damu. Kitanda nacho kina madhara yake. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007: wazee wenye afya nzuri kabisa walilazwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao walikuwa hawaumwi. Sasa fikiria mama mwenye nimonia, hali chakula vizuri, amelala wiki mbili. Anaruhusiwa mapafu yamepona, lakini hawezi tena kuchuchumaa chooni kwake, na kuanzia siku hiyo anavaa pampasi mpaka anakufa.

Kuhusu kelele za usiku: mara nyingi hiyo ni deliriamu, yaani akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa, dawa, maumivu, kiu au choo kilichofunga. Mzee anayeangalia ukutani kimya siku nzima naye anaweza kuwa nayo, na huyo ndiye anayesahaulika kwa sababu hasumbui. Hapa tunatumia kipimo cha maswali machache kinachoitwa 4AT, kinachomalizika ndani ya dakika mbili, na nesi anakifanya vizuri kama daktari. Kinaangalia kama mgonjwa yuko macho sawasawa, anajua umri wake, tarehe yake ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka huu, anaweza kutaja miezi kurudi nyuma, na kama hali imebadilika ghafla. Alama 4 na kuendelea, tafuta chanzo. Wa kukusaidia usiku, dada, ni ndugu wa mgonjwa. Huku wanahangaika kutafuta wa kukaa na mgonjwa. Sisi ndugu wapo, tunawafukuza saa ya kuona wagonjwa ikiisha. Mwache binti yake akae, amshike mkono, amnyweshe maji, amwambie yuko wapi. Hiyo ni tiba, na inastahili kuandikwa kwenye faili kama dawa nyingine.

Wagonjwa arobaini kwa nesi mmoja, hapo sina la kukudanganya. Hakuna mafunzo yatakayofidia upungufu wa watu.

Mkulima wa Mbozi:
Hayo ya miezi kurudi nyuma kwa bibi yangu ambaye hajaenda shule? Atafeli hata akiwa mzima.

Mwanzisha uzi:
Kweli kabisa mkuu, na wenzetu wameshalifanyia kazi hapo hapo nyumbani. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kumefanyika tafiti za miaka mingi kati ya madaktari wa KCMC na wa kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 2010 walipima wazee wa miaka 70 na zaidi vijijini Hai, wakakuta dimensia kwa takriban asilimia 6.4, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Yale maneno kwamba ugonjwa wa kusahau ni wa Wazungu yaishie hapo. Kisha kikatengenezwa kipimo cha IDEA kwa ajili ya watu wasiosoma, kikajaribiwa Hai na kule Nigeria. Mzee anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka orodha ya maneno aliyosomewa, anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilooneshwa. Njiti za kiberiti! Zipo kila nyumba.

Naomba niongeze jambo ambalo linanikosesha raha. Kanda ya Ziwa kina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu yakatumika kama ushahidi. Macho yale yanatokana na miaka ya moshi wa kuni jikoni. Sasa weka bibi mwenye dimensia kwenye kijiji kama hicho: anatembea usiku, anaongea peke yake, anaingia nyumba ya jirani akidhani ni kwake. Daktari au mganga wa zahanati aliyefundishwa kuitambua dimensia na kukaa na familia akaieleza anaweza kuokoa maisha ya mtu pale. Huo nao ni sehemu ya ubingwa huu, na kwetu ni sehemu nzito kuliko ilivyo huku.

Mstaafu wa Reli:
Mwanangu, mimi nina miaka 71. Presha, sukari, magoti. Nikihesabu vidonge vya asubuhi na jioni vinanishinda. Wiki jana nimeanguka mara mbili alfajiri. Kliniki wananiongezea tu.

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mzee wangu, na pole sana.

Usiache dawa yoyote kwa sababu ya maneno yangu ya mtandaoni. Fanya hivi: weka dawa zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za duka la dawa, na za miti shamba pia, nenda nazo wiki hii, mwambie daktari neno hili kwanza: "Nimeanguka mara mbili." Omba upimwe presha ukiwa umelala na ukiwa umesimama, na upimwe sukari ya alfajiri. Kama kwenye mfuko kuna glibenklamidi, ionyeshe kwa kidole. Ni dawa ya sukari inayoweza kuishusha mno kwa mtu wa umri wako, hasa kama figo zimechoka au hukula vizuri usiku, na mabingwa wengi wanashauri wazee wapewe nyingine. Onyesha pia diklofenaki ya magoti, maana inapandisha presha, inaumiza figo na tumbo. Na kama unameza Piriton au diazepamu ili ulale, sema. Hizo zinaangusha wazee. Alfajiri, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha miguu, ndipo usimame. Ukianguka tena ukagonga kichwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.

Mpenda Hesabu:
Tuwe wakweli. Nchi ina watoto wanaokufa na kina mama wanaofia uzazi. Kusomesha daktari wa wazee ni anasa.

Mwanzisha uzi:
Nakuheshimu mkuu, lakini sikubaliani. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi zaidi ya milioni 2.5, asilimia 5.6 ya Watanzania, na idadi inapanda. Hao tayari wako hospitalini, tayari tunawatibu, tayari tunatumia fedha: antibayotiki isiyohitajika, kitanda cha wiki sita, kidonda cha mgongo kinachosafishwa kila siku. Tunalipa gharama yote, tunakosa matokeo. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na dirisha la wazee lipo. Ni jambo jema, linampunguzia mzee foleni. Ila akishapita dirishani anakutana na daktari ambaye chuoni alifundishwa wiki kadhaa za watoto wachanga na hakufundishwa hata nusu siku jinsi ya kumpima mzee aliyeanguka. Na hao kina mama unaowataja, wakijifungua salama, mara nyingi anayebaki na mtoto wakirudi shambani au sokoni ni bibi.

MD_Mtarajiwa:
Dokta, mimi nabaki hapa hapa kwa sasa. Naanzaje wodini kwangu bila bingwa wa wazee?

Mwanzisha uzi:
Chukua vitanda vinne tu, usitangaze mradi. Kila mzee anayelazwa, andika mstari wa juu kabisa wa faili: wiki mbili zilizopita alikuwa anafanya nini, na nani kasema. Mpime presha amelala na amesimama. Gusa kibofu, uliza choo, soma dawa zote. Angalia kama miwani yake imebaki nyumbani, mwagize ndugu ailete. Fanya makubaliano na nesi wa zamu kwamba anayeweza kukaa anakula akiwa amekaa kwenye kiti. Ukimaliza mwezi, mwonyeshe bingwa wako mafaili hayo na umwombe nusu saa ya kufundisha intani wenzako. Ikifika hatua hiyo nitumie PM, nitakupa fomu tunazotumia huku uzibadilishe ziendane na kwenu. Nyumbani mzee anaulizwa kama anaweza kuchuchumaa na kuinuka, kuchota maji na kwenda msibani. Fomu za huku hazina maswali hayo, na utayaandika wewe.

Waliouliza kuhusu mshahara na viza, nitajibu kesho nikitoka zamu.